Mshahara wa Dar es Salaam na Mshahara wa Nairobi: Upi Unaofika Mwisho wa Mwezi?



Kamati ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze nanyi juu ya mshahara, na hasa juu ya swali ambalo katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Wazo, Tegeta na Boko limekuwa likirudi kila mara vijana wanapozungumzia kazi. Swali ni hili: je, ni kweli kwamba mfanyakazi wa Nairobi hulipwa mara mbili ya mwenzake wa Dar es Salaam? Na kama ni kweli, je, huishi mara mbili ya mwenzake? Wengine huuliza kwa sababu wana ndugu kule. Wengine kwa sababu wanafikiria kufunga virago. Sisi twadhani swali lenyewe ni zuri kuliko majibu yanayotolewa haraka haraka, kwa maana ndani yake mna swali kubwa zaidi, yaani mshahara hupimwa kwa kipimo gani.

Tuanze na fedha yenyewe. Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba zamani shilingi ilikuwa moja Afrika Mashariki yote. Mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanzisha benki kuu zao, shilingi hizo tatu zilianza safari zikiwa sawa kwa sawa. Leo mwenye shilingi moja ya Kenya hupewa takriban shilingi 20 za kwetu. Kwa hiyo kijana anapoambiwa kwamba kibarua wa Nairobi analipwa elfu kumi na tano, huizidisha kwa ishirini, akapata laki tatu, na macho yakamtoka.

Hesabu hiyo si ya uongo, lakini ina hila. Mwezi Januari 2024 shilingi ya Kenya ilidhoofika sana mbele ya dola, hata shilingi moja ya Kenya ikawa na thamani ya karibu shilingi 16 za Tanzania. Miezi michache baadaye ikapanda tena hadi kama 20. Mtu aliyekuwa akilipwa shilingi 15,201 za Kenya alikuwa, kwa kadiri ya hesabu zetu za kubadili fedha, na laki tatu na kidogo, kisha akawa na laki mbili na elfu arobaini na tatu hivi, kisha akarudi kwenye laki tatu. Yeye mwenyewe wala hakujua. Hakuzihitaji shilingi zetu kununua chakula cha watoto wake, wala mwenye nyumba wake hakumpunguzia kodi kwa sababu dola imepanda. Basi, anayelinganisha mishahara ya miji miwili kwa kibao cha duka la kubadilishia fedha, anapima nguo kwa ratili.

Mfano wa Injili wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu wataja dinari moja kwa siku. Wafafanuzi wengi wa Maandiko hutueleza kwamba huo ndio uliokuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku moja. Nao wasikilizaji wa Bwana walijua dinari inaleta nini mezani jioni. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza: siku moja ya kazi inaleta nini nyumbani, mahali pale ambapo mtu anaishi.

Sasa tutazame sheria za nchi hizi mbili zinasemaje. Kenya hutoa amri ya mishahara yenye kutenganisha mahali. Mwezi Mei 2022 serikali ilipandisha vima vya chini kwa asilimia 12, na kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu akapangiwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Yule wa miji midogo 14,025.40, na yule wa sehemu nyingine zote 8,109.90. Novemba 2024 iliongezwa asilimia 6, na kile cha Nairobi kikawa 16,113.75. Juu ya hapo, mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba anatakiwa kumlipa posho ya makazi, nayo huhesabiwa asilimia 15 ya kima hicho. Hivyo mtunga sheria wa Kenya amekiri, walau kwa karatasi, kwamba kuishi katika jiji ni mzigo, na kwamba mzigo huo una bei.

Kwetu Tanzania, tangu amri ya mwaka 2007, mshahara wa sekta binafsi hupangwa kwa sekta: kilimo, biashara na viwanda, ulinzi, madini, kazi za nyumbani, na kadhalika. Mahali hapaulizwi. Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 ilimpangia mfanyakazi wa biashara na viwanda shilingi 150,000, awe Kasulu au awe Kariakoo. Vivyo hivyo watumishi wa umma, ambao kima chao cha chini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 mwezi Julai 2025: ni kimoja kwa nchi nzima.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika huru iliunda bodi ya kima cha chini chini ya uenyekiti wa Bwana Chesworth, na kima kilichotokana na kazi hiyo kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi katika Dar es Salaam na Tanga, 125 katika miji mingine, na 100 kwingineko. Hatusemi kwamba utaratibu wa sekta ni mbaya. Mgodi una uwezo ambao duka la mtaani halina, na ni haki kila mmoja abebe kwa nguvu zake. Lakini ni ajabu kidogo kwamba tulilolijua mwaka 1963 tumelisahau, nalo ni kwamba muuza duka wa Tegeta na muuza duka wa wilayani hawanunui chumba kwa bei moja.

Haya, tuchukue unga, kwa sababu ugali ni mmoja huku na huko, hata kama wao husema sima na wengine nguna. Katikati ya mwaka 2022 Wakenya walipata shida kubwa ya unga wa mahindi. Pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200 za kwao, hata serikali ikaingilia na kuishusha hadi 100 kwa majuma machache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Tuchukue bei ile mbaya, ya 200. Kima cha chini cha Nairobi kilinunua pakiti 76, yaani kilo 152. Ili mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye 150,000 anunue kilo hizo hizo, ilibidi kilo moja ya sembe iuzwe chini ya shilingi 990. Akina mama mliopo hapa mwajua kama bei hiyo ilionekana katika maduka ya Tegeta mwanzoni mwa mwaka 2023. Basi hata pale Nairobi ilipokuwa ikilia njaa, kwa karatasi mshahara wake wa chini ulileta ugali mwingi kuliko wa kwetu. Na hii ingawa sehemu ya mahindi, mchele na vitunguu wanavyokula hupita Namanga kutoka mashamba ya Tanzania.

Je, hoja imekwisha? La. Ugali ni mwanzo tu wa mwezi.

Kodi ya nyumba ndiyo inayogeuza hesabu. Nairobi mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, na mara nyingi huweka amana ya mwezi mmoja. Akichelewa siku chache hukuta kufuli mlangoni. Dar es Salaam mwenye nyumba hutaka miezi sita, au mwaka mzima, mkononi. Jambo hili hatulioni katika takwimu za wataalamu, lakini lina uzito wa kutisha kwa mtu wa mshahara mdogo. Yeye hulipwa kwa mwezi, na anadaiwa kwa nusu mwaka. Fedha hiyo haitoki katika mshahara. Hutoka kwenye mkopo wa riba, kwenye mchezo wa akina mama, kwenye mbuzi wa babu yake kijijini. Kijana mwenye kazi halali hapa kwetu anaweza kukosa chumba, si kwa sababu hawezi kulipa kodi ya mwezi, bali kwa sababu hawezi kulipa ya miezi sita kwa mara moja. Katika jambo hili Nairobi ni kali, lakini mlango wake wa kuingilia ni mpana kuliko wetu.

Lakini mtu huyo anaingia wapi? Kibarua wa Nairobi mwenye kima cha chini hukaa Mukuru, Mathare au Kibera, katika chumba kimoja cha mabati, maji akinunua kwa mtungi na choo akishirikiana na majirani wengi. Wengi wao huenda kwa miguu hadi viwandani alfajiri na kurudi kwa miguu jioni, kwa sababu nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha na hupanda watu wakiwa wengi. Mwenzake wa Dar es Salaam anakaa katika nyumba ya matofali, chumba chenye dirisha, pengine na mwembe uani. Sisi wa Wazo, ambao kiwanda cha saruji kimekuwa juu ya kilima chetu tangu mwaka 1966, tofali si kitu kigeni. Lakini nyumba hiyo iko Wazo, Bunju, Mbagala au Chanika, na kazi iko mjini.

Hapa ndipo tunaomba mtusikilize kwa makini. Nairobi humtoza maskini nafasi ya kupumulia. Dar es Salaam humtoza saa zake na nauli yake. Kuanzia Desemba 2023 nauli ya chini kabisa ya daladala, kwa safari isiyozidi kilomita kumi, ilikuwa shilingi 600. Mfanyakazi anayetoka Wazo kwenda katikati ya jiji mara nyingi hubadili gari Mwenge au Makumbusho. Basi ana magari mawili kwenda na mawili kurudi. Hata tukihesabu yote manne kwa nauli ya chini kabisa, jambo ambalo kwa umbali wetu ni kumpendelea, ni shilingi 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Na bado hatujaihesabu bajaji ya kutoka ndani ya mitaa hadi barabara ya Bagamoyo. Katika mshahara wa 150,000, nauli peke yake ilichukua zaidi ya asilimia 41. Kwa maneno mengine, katika saa nane za kazi, mtu huyu alifanya kazi saa tatu na dakika ishirini ili tu aweze kufika kazini na kurudi. Mtoto wake hakuwa amekula bado. Tuongeze saa za foleni, ambazo hakuna anayezilipa, na tujiulize mzazi huyu huonana na watoto wake wakiwa macho siku ngapi katika juma.

Mwaka 2013 nauli hiyo ya chini ilikuwa 400, na mshahara wa chini wa biashara na viwanda ulikuwa 115,000. Mshahara huo ulikaa vile vile kwa miaka tisa na nusu, hadi Januari 2023, ulipopanda kwa asilimia 30. Kufikia Desemba mwaka huo nauli ilikuwa imepanda kwa asilimia 50. Hakuna mtu mmoja aliyeketi akapanga kumpokonya mfanyakazi. Mafuta yalipanda, vipuri vilipanda, mwenye daladala naye ana watoto. Ila ukweli ni kwamba wakati wengine wote waliruhusiwa kupandisha bei zao, bei ya jasho ilisimama.

Ni kweli kwamba amri mpya ilitangazwa mwaka 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, na wastani wa vima vya chini vya sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Tunaishukuru serikali kwa hatua hiyo, kwa kuwa ni kubwa. Lakini tunawaonya vijana wasiende kwa mwajiri na kudai wastani. Wastani huo umechanganya sekta zenye uwezo mkubwa, kama madini, pamoja na zile za mishahara midogo. Hakuna mtu anayelipwa wastani. Kila mmoja atafute kima cha sekta yake.

Juu ya makato tutasema machache. Mfanyakazi wa kwetu hukatwa asilimia 10 kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Wa Nairobi, tangu mwishoni mwa mwaka 2024, hukatwa asilimia 6 za mfuko wao, 2.75 za bima ya afya na 1.5 za ujenzi wa nyumba, ambazo jumla yake ni 10.25. Karibu ni sare, isipokuwa kwamba yeye anapata bima ya afya ndani ya makato hayo. Ada za shule nazo zimepungua pande zote mbili: kwetu elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016.

Basi tumjibu nini kijana? Tumwambie kweli. Kwa kadiri ya sheria, mshahara wa chini wa Nairobi hununua chakula kingi kuliko wa Dar es Salaam, na mwenye ujuzi wa kazi anaweza kupata zaidi. Lakini kibarua asiye na ndugu wa kumpokea atakilipa kile kilichozidi kwa maji ya mtungi, kwa chumba cha bati na kwa kufuli la mwenye nyumba. Na tusimfiche jambo la tatu: huko na huku, amri ya mishahara huwafikia wachache. Mama lishe, mwendesha bodaboda, mponda kokoto wa Kunduchi, hawa hawana mwajiri wa kumshitaki. Mwenye kulinganisha miji kwa vima vya chini analinganisha paa za nyumba ambazo wengi hawajaingia.

Tumefika sasa mahali ambapo tungependa kukawia, ingawa pengine si pazuri kwa masikio yetu.

Mwaka 1954, huko Kenya ya wakoloni, kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter iligundua kwamba mshahara wa chini wa mfanyakazi Mwafrika ulikuwa umehesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja. Alidhaniwa hana mke wala watoto. Au akiwa nao, walitarajiwa kulishwa na shamba kijijini. Kamati ilipendekeza kwamba, kwa muda wa miaka, mshahara huo ugeuzwe uwe wa kutosheleza familia. Kanisa lilikuwa limekwisha kusema hivyo: Papa Leo XIII mwaka 1891 alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira uwe wa haki ikiwa hautoshi kumtunza mfanyakazi, Papa Pio XI mwaka 1931 aliitaja familia kwa wazi, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 aliufanya mshahara wa haki kuwa njia ya kuujaribu uadilifu wa uchumi mzima.

Tukauliza: mshahara wa mseja umekufa? Katika amri ya Januari 2023, mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida alipangiwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyeishi humo 120,000. Huko Kenya yaya na mtumishi wa nyumbani wametajwa katika kundi moja na kibarua wa kawaida, yaani zile 15,201.65 za wakati ule. Twajua kwamba nyumba nyingi za Nairobi hazilipi hivyo. Hata hivyo kuna tofauti kati ya sheria inayovunjwa na sheria ambayo yenyewe imekadiria kidogo. Binti anayelipwa pungufu kinyume cha sheria ana mahali pa kulalamika. Binti aliyelipwa elfu sitini kamili alikuwa ameshalipwa kwa haki mbele ya sheria, ijapokuwa ana mtoto kwa bibi yake Singida ambaye hali chakula cha nyumba ya mwajiri.

Ndugu, waajiri wa mabinti hawa hawako mbali. Hawako kwenye makampuni ya kigeni. Wamo katika mabenchi haya. Sisi ambao hulalamika kwamba serikali haijatuongeza, ambao twajua kwa shilingi na senti jinsi nauli inavyokula mshahara, ndio tunaomwambia dada wa kazi kwamba hana haja ya fedha kwa kuwa anakula na kulala. Vivyo hivyo mlinzi wa usiku, ambaye jumuiya kadhaa humchangia kwa pamoja, na ambaye mwezi unapokuwa mgumu ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri. Mtume Yakobo aliandika habari za ujira uliozuiliwa, kwamba wenyewe unapiga kelele mbele ya Bwana. Aliwaambia hayo matajiri wenye mashamba, lakini neno lake lamgusa pia mtu wa chumba na sebule.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kazi mbili, na tunaziunga mkono zote. Ya kwanza: kila jumuiya ichague familia tano zilizo tayari kuandika matumizi yao kwa mwezi mmoja: unga, mchele, mafuta ya kula, mkaa au gesi, maji (na pale bomba linapokauka, kama wakati wa mgawo wa Oktoba 2022, bei ya dumu), nauli za wote wanaotoka nyumbani, kodi ikigawanywa kwa miezi, na dawa. Majina yasiandikwe. Tukiwa na daftari hizo, tutakapozungumza na wawakilishi wetu juu ya kurudisha tofauti ya mahali katika amri za mishahara, hatutasema kwa kubahatisha.

Ya pili ni kwa wale wote wenye kuajiri nyumbani, na kwa parokia yenyewe pamoja na vigango vyake. Kila mwajiri asome kima cha amri ya sasa, kisha akae na mfanyakazi wake, amwulize ana watu wangapi nyuma yake na anawapelekea nini, na waandikiane mkataba. Nakala ya amri itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kando ya mlango wa sakristia, na makatekista wamepewa fomu za mkataba kwa Kiswahili. Wafanyakazi wa nyumbani watakutana peke yao Dominika ya pili ya mwezi, baada ya Misa ya pili. Waajiri wanaombwa wawape ruhusa siku hiyo bila kuwakata.